Kuiteremsha Mazda MX-5 ya Zamani kwa Fedha za Wastani

Aliyejaaliwa kumiliki Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, yaani kile kigari cha viti viwili na paa la turubai kilichodhihirishwa Chicago mnamo Februari 1989, kikauzwa kwao Japani kwa jina la Eunos Roadster, na kikaendelea kuundwa kwa umbo lile lile hadi 1997, aghalabu hakai nacho muda mrefu kabla macho yake hayajaanza kutua juu ya ule uwazi uliopo baina ya tairi na ukingo wa madigadi, naye akaona kwamba gari zuri namna ile limesimama juu kupita kiasi. Shauku hiyo si ya kulaumiwa, maana hata wasiojua lolote la magari hukiri kuwa gari la michezo likiwa karibu na ardhi hupendeza zaidi. Lakini wengi hukimbilia grinda kabla ya kukimbilia futi ya kupimia, na fedha walizodhani wameziokoa huzilipa baadaye kwa tairi, kwa shokabu, na kwa mgongo. Maneno yafuatayo ni kwa ajili ya mwenye kipato cha kadiri, anayetaka gari lake lishuke na liendeshike vizuri, wala hana haja ya kushindana na mtu.

Jambo la kwanza unalopaswa kulifahamu ni faida yenyewe na kiasi chake. Gari likikata kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda tairi za nje, na kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu ndivyo uhamaji huo unavyozidi. Tuseme kitovu hicho kiko sentimita 46 juu ya barabara, nawe ukaliteremsha gari sentimita 3: uhamaji utapungua kwa asilimia 6 na nusu tu. Si haba, walakini si miujiza, na tairi nzuri nne badala ya zile zilizokauka kwa jua zitakupa zaidi ya hayo kwa siku moja. Utulivu ambao watu husifu baada ya kuteremsha gari, sehemu yake kubwa haitokani na kimo bali na ugumu wa springi mpya na uzima wa shokabu mpya, na lau vitu hivyo vingefungwa bila ya kushusha gari hata kidogo, mwenyewe angesifu vile vile.

Jambo la pili, na hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote, ni masafa. Kwa masafa nakusudia ule mwendo ambao gurudumu laweza kupanda, kutoka pale lilipotulia gari likiwa limesimama, mpaka shokabu inapofika mwisho na kugonga raba ya kizuizi. Masafa hayo ni kama akiba iliyowekwa na mhandisi, na kila sentimita unayoishusha bodi huichota humo, kwa kuwa bodi imelisogelea gurudumu ilhali urefu wa shokabu haukubadilika. Basi tufanye hesabu. Ikiwa gari lina masafa ya sentimita 7 nawe ukachukua 3, zimebaki 4. Ili springi iweze kumeza pigo lile lile la shimo ndani ya sentimita 4 ambalo zamani ililimeza ndani ya 7, haitoshi iwe ngumu kwa uwiano wa 7 kwa 4. Yabidi iwe ngumu kwa uwiano huo uliozidishwa kwa nafsi yake, yaani takriban mara tatu. Chukua sentimita moja na nusu tu, na ugumu unaohitajika hauzidi mara moja na sehemu sita za kumi. Hapo utaona dhahiri kwamba sentimita ya kwanza ni rahisi, ya pili ni ya wastani, na ya tatu ni ghali mno. Na hakuna fundi awezaye kuibatilisha hesabu hii, japo wako wengi wanaoificha.

Wanaoikumbuka Safari Rally ya 1971, aliyoshinda Edgar Herrmann ndani ya Datsun 240Z, na ile ya 1973, ambapo gari la aina hiyo hiyo lilimpa ushindi Shekhar Mehta, watakumbuka kuwa gari la michezo si lazima liambae ardhi ili liwe na kasi. Waliotayarisha magari yale kwa tope na mawe ya Afrika ya Mashariki walithamini masafa kuliko urembo. Sisi tunakwenda upande wa pili wa jambo lile lile, nasi tunapaswa kuyahesabu masafa kwa uchoyo kama walivyoyahesabu wao.

Kwa hiyo shauri langu ni kuteremsha sentimita 2 hadi 3, wala si zaidi, kwa gari la kuendeshwa kila siku. Ikiwa njia unazopita zina matuta, na ni mji gani wa pwani yetu usio na matuta, basi ridhika na mbili. Ikiwa wakaa Maskati au mji mwingine wenye lami iliyonyooka, tatu haitakudhuru. Kwa kulinganisha, sheria ya ukaguzi ya Japani, nchi ambayo vijana wake wana mapenzi makubwa ya kushusha magari, hudai uwazi usiopungua sentimita 9 chini ya gari. Nawe usikaribie mpaka huo kwa kujidai, maana lami yao si lami yetu.

Kabla ya kununua chochote, pima. Simamisha gari mahali palipo sawa, tangi likiwa nusu, na kama inawezekana weka mzigo wenye uzito wako juu ya kiti cha dereva. Pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na uandike. Usipime kutoka ardhini, kwa sababu tairi ikipungua upepo au ikilika, kipimo hukudanganya, ambapo kile cha kutoka katikati ya gurudumu hakijali tairi. Gari lenye umri wa miaka thelathini huenda springi zake zimechoka, na si ajabu ukakuta upande mmoja umelala kuliko wa pili kabla hujaligusa. Mwenye gari la namna hiyo akifunga springi mpya zinazotangazwa kushusha sentimita 3, hushangaa kuona gari lake limeshuka moja tu, akamlaumu muuzaji asiye na kosa.

Kisha zama chini ya gari, ukatazame mambo matatu. La kwanza ni shokabu. Ikiwa mwili wake umelowa oili, imekufa. Ikiwa haukulowa, bonyeza pembe ya gari kwa nguvu na uiachie, na bodi ikipanda na kushuka zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, ihesabu kuwa inakata roho. Springi ngumu juu ya shokabu dhaifu ni balaa, kwa kuwa kazi ya springi ni kumeza pigo na kulirudisha, na kazi ya shokabu ni kulizuia lisirudi kwa fujo. Ukiongeza nguvu ya mrudishaji ukaacha mzuiaji mgonjwa, gari litaruka juu ya barabara badala ya kuishika. La pili ni bushi za mikono ya magurudumu, ambazo kwa umri huu aghalabu zimepasuka. La tatu, na hili hulisahau karibu kila mtu, ni zile bolti zenye duara la pembeni zilizoko mahali mikono ya chini inaposhikana na chasisi, mbele na nyuma. Bolti hizo ndizo zinazogeuzwa wakati wa alaimenti, na katika magari haya kutu huzigandisha ndani ya chuma cha bushi hata zisizunguke kabisa. Jaribu kuzilegeza sasa, kabla hujatumia hata senti moja. Zikigoma, zinyunyizie mafuta ya kupenyeza kila jioni kwa juma zima. Na zikigoma baada ya hapo, ujue kwamba italazimu zikatwe na bushi zibadilishwe, na gharama hiyo iingie katika hesabu yako ya mwanzo. Kuteremsha gari usiloweza kulifanyia alaimenti ni israfu ya tairi.

Sasa tuje kwenye njia zenyewe.

Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kukata springi, nayo hailingani na sifa mbaya iliyonayo, wala haifai kuchezewa. Springi ya mviringo ikipunguziwa mizunguko huwa ngumu zaidi, na hilo ni jambo jema: yenye mizunguko 6 inayofanya kazi ikikatwa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa sehemu moja ya tano. Ubaya ni kwamba urefu hupungua upesi kuliko ugumu unavyoongezeka, na kwa sababu springi ya MX-5 imekaa juu ya mkono wa chini, ndani kidogo ya gurudumu, sentimita moja inayopungua kwenye springi huwa ni zaidi ya sentimita moja kwenye gurudumu. Mwenye kukata mzunguko mzima kwa pupa hujikuta ameshuka kuliko alivyotaka, na chuma hakirudi. Ukiazimia njia hii, kata nusu mzunguko kwanza, kwa grinda yenye kisahani chembamba, na ukate ule upande ambao kiti chake kitaupokea mkato bila kuyumba. Usikate kwa tochi ya gesi, wala usikubali kamwe mtu aipashe springi moto mpaka ikajikunja yenyewe chini ya uzito wa gari, maana moto hukiondolea chuma ile nguvu iliyotiwa kiwandani, na springi ya namna hiyo huendelea kulala mwezi baada ya mwezi, kila pembe kwa kiasi chake. Tena hakikisha kwamba gurudumu likining'inia, springi bado imebanwa kati ya viti vyake, ijapokuwa kidogo. Springi inayolegea hewani inaweza kurudi pasipo mahali pake wakati gari linapotua kutoka juu ya tuta.

Njia ya pili ni kununua seti ya springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hili hasa. Kwa sababu MX-5 ya kizazi cha kwanza ni maarufu dunia nzima, springi hizi hupatikana kwa wingi na kwa bei isiyotisha, na zilizotengenezwa na watu waaminifu huwa ngumu zaidi kwa kadiri inayostahiki. Muulize muuzaji maswali mawili: hushusha kiasi gani, na ugumu wake ni kilo ngapi kwa milimita. Akijua la kwanza tu, basi anauza urembo.

Njia ya tatu, ambayo mimi naipenda kuliko hizo mbili kwa mwenye mfuko mwembamba, ni kutafuta shokabu za mtumba za kizazi cha pili, kilichoundwa kati ya 1998 na 2005, pamoja na maunti zake za juu na raba zake. Hukaa katika gari la kizazi cha kwanza pasipo kuchonga kitu. Maunti za kizazi hicho zimeumbwa kwa namna ambayo shokabu hupata nafasi zaidi ya kupanda, na kwa hiyo hukurudishia sehemu ya yale masafa ambayo springi fupi inakwenda kuyachukua. Baadhi ya magari hayo yalitoka kiwandani na shokabu za Bilstein, na ukizikuta hazijavuja, zichukue hima. Zivishe springi fupi za njia ya pili, nawe utakuwa na gari ambalo wenye fedha nyingi hawatalidharau. Maunti zikibadilika kimo chaweza kubadilika pia, basi usiamini karatasi ya muuzaji, pima tena.

Iko na njia ya nne, ile ya shokabu zenye uzi wa kupandisha na kushusha kimo kwa spana, na bei za baadhi yake zimekuwa ndogo hata zikawa mtego. Zilizo nzuri ni nzuri kweli. Lakini katika zile rahisi, fedha iliyopaswa kwenda ndani ya shokabu, kwenye vali na oili, imekwenda nje, kwenye rangi na nyuzi, na mnunuzi hufurahi siku ya kufunga, kisha hufungua tena kabla mwaka haujaisha. Kama huna za kununua zilizo nzuri, ziache.

Kuhusu kazi yenyewe, sitaeleza kila nati, kwa sababu kitabu cha ufundi cha gari hili hupatikana na hueleza vyema. Nitataja yale tu ambayo kitabu huyapitia kwa haraka. Gari likae juu ya stendi nne, kamwe lisikae juu ya jeki peke yake. Nati za juu za shokabu utazikuta chini ya boneti kwa mbele na ndani ya buti kwa nyuma. Mara nyingi mkono wa chini haushuki vya kutosha kutoa shokabu, na njia ya kuuteremsha ni kuchomoa ile bolti ndefu ya mkono wa juu kwa mbele, na ile bolti ndefu ya chini, upande wa gurudumu, kwa nyuma. Ukifanya hivyo, funga kitovu cha gurudumu kwa kamba kisije kikaning'inia juu ya mpira wa breki.

Kuifungua springi kutoka kwenye shokabu nako ni jambo linaloweza kuua. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Tumia vibanio viwili vilivyokabiliana, ukavikaze kwa zamu, mzunguko mmoja huku na mmoja kule, na uso wako usiwe sambamba na ncha ya springi; na kama vibanio ulivyoazimwa vina meno yaliyolika, chukua shokabu zote nne ukampelekee fundi mwenye mashine ya kubania, umlipe ujira wake, uondoke na roho yako. Kabla ya kurudisha, itazame raba ya kizuizi. Ile ya zamani huwa imeoza na kugeuka unga, na gari lisilo na raba hugonga chuma kwa chuma ndani ya shokabu, ikafa. Wako wanaoikata raba ili kupata masafa. Kukata kidogo kwaweza kusameheka, lakini afadhali ununue raba mpya fupi na laini, ambayo huanza kukaza taratibu. Hii ndiyo spea iliyo rahisi kuliko zote katika orodha yako, na ndiyo inayoamua kama abiria wako atapanda tena.

Wakati wa kurudishia, bolti zote zinazopita katika bushi za mpira zikaze kwa kidole tu gari likiwa hewani. Bushi ya namna hii hujinyonga, haizunguki. Ukiikaza gurudumu likining'inia, gari likishuka litaiweka katika hali ya kunyongwa siku zote, itapasuka mapema, na kimo chako kitakuwa cha uwongo. Teremsha gari juu ya vipande vya mbao nene chini ya kila tairi ili upate nafasi ya kuingia, lisukume nyuma na mbele, keti juu yake lizoee, ndipo ukaze kwa spana ya kipimo.

Funga pia kizipu kidogo cha plastiki kuzunguka ule ufito mng'avu wa kila shokabu, ukisogeze mpaka chini kiguse mwili wake. Endesha siku kadha katika njia zako za kawaida, kisha tazama kilipofika, kwa maana kila shokabu inapobonyea hukisukuma juu na kukiacha hapo. Kikiwa kimefika kwenye raba na kuikandamiza sana, umeshuka kupita haki ya masafa yako, na huna budi kupandisha au kutafuta springi ngumu zaidi. Kikiwa kimebakisha nafasi, umesibu. Hakuna chombo cha maelfu kinachokwambia kweli hii kwa ufasaha zaidi.

Gari likiisha kutulia, baada ya juma moja au mawili, lipeleke alaimenti. Kushuka hulaza vichwa vya magurudumu ndani, na katika gari hili lenye mikono miwili kwa kila gurudumu hilo si dhara, madhali halizidi. Mwambie mwenye mashine akupe digrii moja hadi moja na nusu za kulala ndani, nyuma kukizidi mbele kidogo, na magurudumu ya mbele yaelekee sawasawa au yapinde ndani kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho. Wako wanaotaka kulala kwa digrii nne au tano kwa ajili ya sura. Tairi zao hulika ukingo wa ndani mpaka nyuzi zikatoka, ilhali ukingo wa nje bado mpya, na breki zao hushika nusu ya tairi waliyoinunua. Mkiafikiana na mwenye mashine, mwombe akuandikie vipimo kwenye karatasi, uihifadhi.

Yaliyobaki ni madogo. Taa za mbele, zile zinazochomoza kutoka katika boneti, zipimwe upya ikiwa pua imeshuka kuliko nyuma. Bomba la moshi lining'inizwe kwa raba mpya, kwa sababu ndilo litakaloguswa kwanza na tuta. Kampuni ya bima iarifiwe, kwani yaweza kukataa dai la mtu aliyebadilisha gari kimyakimya. Jeki yako ya zamani huenda isipite tena chini ya gari, basi beba katika buti vipande viwili vya mbao vilivyochongwa mteremko, upandishe magurudumu kwanza ndipo uiingize. Na tuta refu ulivuke kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku ukisikiliza chini.